Nitapiga Kura, Ila Msiniambie Niwapende

Uchaguzi ukikaribia, vijana wa kisiwani tunasomewa somo lile lile: kura ni haki yako, kura ni sauti yako. Sawa. Lakini mbona hakuna anayetwambia sauti hiyo huenda wapi matokeo yakishatangazwa?

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Mombasa ikiwemo. Tarehe 25 wengine waliuawa kule Nairobi. Kabla Agosti haijaisha, Hassan Joho, gavana wetu wa miaka kumi kwa tiketi ya ODM, alikuwa ameshaapishwa kuwa waziri katika serikali ile ile iliyokuwa ikipingwa. Wapiga kura waliomkingia kifua miaka yote hiyo hawakuulizwa kitu. Na mwaka 2018 ilikuwa vivyo hivyo: Uhuru na Raila walipeana mikono, na waliozika watu wao baada ya uchaguzi wa 2017 wakasikia habari kwa redio.

Kwa hivyo barobaro wa Kibokoni akisema, "Mie sipigi, wote ni wale wale," namuelewa. Ushahidi anao.

Ila hesabu zamkataa. Uchaguzi wa gavana wa 2022 Mombasa uliahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa, ukafanyika Agosti 29. Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083. Waliosajiliwa kaunti nzima walikuwa zaidi ya 640,000. Yaani gavana wa kila mtu alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya watano. Simlaumu yeye, manake anayehesabiwa ni aliyefika kituoni. Lakini wewe uliyebaki barazani ukinywa kahawa ukidhani umewagomea wanasiasa, umemgomea nani hasa? Umewapunguzia gharama tu. Wapiga kura wakiwa wachache, leso, unga na mia mbili za kugawa nazo zitakuwa chache.

Halafu kuna hili ambalo kila mtaa walijua: usiku wa kuamkia kura, watu hupita wakinunua vitambulisho vya wapinzani ili wasiende kupiga. Kama kura yako haina maana kama unavyosema, huyo mtu anatoa pesa zake kwa nini? Mwanasiasa hanunui kitu kisichomtisha. Matusi yako ya TikTok hajawahi kuyatolea hata shilingi.

Wazee wetu hawakupendana na wanasiasa pia. Enzi za KANU, Shariff Nassir, babake gavana wa sasa, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho hapa Mvita. Mwaka 1992 vijana wa Mji wa Kale walipambana na polisi wakidai chama cha IPK kisajiliwe. Hakikusajiliwa. Walikuwa wakipigania tu chaguo lao liwepo kwenye karatasi. Leo karatasi tunazo sita, na twazitupa zote kwa sababu ya hasira na mmoja wa juu.

Mie hasira zangu nitazianza chini. Rais yuko mbali, na akitaka kupeana mikono atapeana. Lakini mwakilishi wa wadi namjua anakoswali, na yeye ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti wakati mamangu ananunua maji ya mkokoteni na taka zinarundikana nyuma ya nyumba. Huyo nitamuuliza pesa za wadi zimekwenda wapi, na akinijibu ovyo nitamuondoa. Kura yangu haitakuwa shukrani wala mapenzi, na sitavaa tisheti ya mtu.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama hujajisajili, nenda kajisajili, na siku hiyo uende ukiwa umenuna ukitaka. Hawahitaji tabasamu lako. Wanachoombea ni usitoke nyumbani.