Mtoto Si Kombe la Kushindania

Tuseme ni Jumapili jioni, kwenye geti la fleti moja Loresho. Baba amepanda matatu mbili kutoka Eastleigh, akashuka Kangemi, akatembea mpaka hapo na mfuko wa matunda mkononi. Mlinzi anamwambia mama watoto amekataa asiingie. Juu dirishani kuna mtoto wa miaka 8 anaangalia. Baba anatoa simu na kuandika kwa hasira: "Mahakama za serikali zinachukua watoto wa Waislamu zinawapa wanawake. Mbona mko kimya?"

Hatuko kimya, akhi. Lakini kabla tukupiganie, jibu hili: karo ulilipa lini mara ya mwisho?

Usinune. Ndugu wengi wanaikimbia Mahakama ya Watoto pale Milimani wakisema wanataka sheria ya Mwenyezi Mungu. Maneno matamu. Shida ni kwamba kitabu wanakifungulia katikati, pale panaposema mama akiolewa tena haki yake ya kulea inaondoka. Ukurasa wa nafaqa wameuruka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawawekea baba na mama jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe walioana au la. Kwa hivyo Milimani mzigo mnagawana. Kwenye fiqhi mambo ni mazito zaidi kwako: chakula, nguo na makao ya mtoto ni juu yako, na hata mama mliyeachana akikunyonyeshea mtoto, Suratut-Talaq inakuamrisha umlipe ujira wake. Sasa wewe unayetaka Kadhi, umejiandaa kwa hayo yote ama unataka kadhi wa nusu?

Na hiyo dhana ati Milimani ni ya akina mama tu, iangalieni vizuri. Ni kweli majaji wetu kwa miaka wamefuata kanuni kwamba mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 10, akae na mama isipokuwa kuwe na sababu kubwa. Lakini unajua sababu walizozitaja? Mama asiyetulia, mama anayeishi mahali pabovu, na mama aliyepata mume mwingine. Umeisikia wapi hiyo ya mwisho? Na upande wetu, Mtume (s.a.w.) hakumnyang'anya mama mtoto mchanga. Alimwambia yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Kijana aliyekwisha kuwa na akili alimwacha achague, na kijana akaushika mkono wa mama yake. Mashafii wanaliweka hilo karibu na miaka 7. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataka mtoto asikilizwe kulingana na umri wake. Huu umbali mnaopigia kelele si mkubwa kama mnavyodhani.

Malalamiko yetu ya kweli yako kwingine, na hapa serikali haiponi. Kifungu cha 170 kinampa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali mamlaka yake. Malezi ya mtoto hayakutajwa. Majaji wa Mahakama Kuu wenyewe wametofautiana: huyu anasema malezi yanafuata talaka, yule anasema Kadhi hana mamlaka hayo. Wewe unapata amri kwa Kadhi, mwenzako anachukua wakili anaipinga, faili inaanza upya kwa hakimu, afisa wa watoto anatumwa kuandika ripoti, tarehe inasogezwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 anafikisha 7 akiwa bado anaulizwa maswali yale yale na watu wazima asiowajua. Bunge lingeweza kulimaliza jambo hili kwa sheria iliyo wazi. Mbunge wako Muislamu akija Idd kupiga picha na wewe, muulize hilo kabla hajafika kwenye pilau.

Dada zangu, na nyinyi msijifiche nyuma ya baba mbaya. Geti unalomfungia mume wa zamani unamfungia pia mtoto wako. Suratul-Baqarah, aya ya 233, imekataza mzazi yeyote, mama au baba, adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Kama halipi, mshtaki. Amri ya matunzo hutolewa, na akiikaidi mahakama ina njia zake. Kumnyima mtoto kumuona baba hakujawahi kulipa karo ya mtu.

Turudi Loresho. Sheria inawaruhusu wazazi kuandikiana makubaliano ya malezi bila kesi: mtoto alale wapi wiki ya shule, nani alipe nini, Idd ya kwanza iwe kwa nani, madrasa aende ipi. Mnaweza kuyaandika mbele ya imamu, wazee wawili na wakili, kisha myapeleke mahakamani yapewe nguvu. Basi kaka, ukiwa kwenye matatu ya kurudi Eastleigh, mwandikie mama watoto leo. Anza na risiti ya karo.