Kuku wa Kienyeji, Pombe ya Kienyeji

Mwaka jana rafiki yangu wa chuoni alipata kazi, akatualika kwenye baa moja ya Masaki, Dar es Salaam, tumpongeze. Mhudumu alituletea glasi ndefu zenye bia ya rangi ya asali, ndani ina ukungu, juu povu jeupe. Alitueleza kwa fahari: hii ni pilsner, inatengenezwa kidogo kidogo na mafundi wachache, haikuchujwa, na imetiwa hopsi za kisasa. Glasi moja shilingi 12,000.

Nilionja. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ilianza harufu ya embe na ganda la ndimu, ikafuata ladha ya mkate, mwisho ukabaki uchungu mwembamba nyuma ya ulimi. Chini ya glasi kulikuwa na machicha. Mwenzetu mmoja aliuliza kama ule ni uchafu. Mhudumu alicheka kwa upole: "Hapana, hiyo ni chachu. Ndiyo yenye ladha." Wote tukaitikia kama watu waliofunuliwa siri.

Mimi ni mtoto wa Kagondo, Muleba. Siri hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Na Krismasi iliyotangulia nilikuwa nimeikataa mbele ya baba yangu mdogo.

Baba mdogo anakamua rubisi. Anavundika ndizi za pombe, zile tunazoziita embire, siku kadhaa mpaka ziive sawasawa. Anazimenya, anazitia kwenye mtumbwi wa mti, anazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Nyasi ndizo chujio lake pekee. Kisha anatia mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika kwa majani ya mgomba, anaiacha ichachuke. Mtama ule ndio hopsi yetu: unaleta uchungu, unaleta harufu ya moshi, unazuia utamu wa ndizi usichoshe. Akitia mwingi, pombe inakwaruza koo. Akitia mchache, inakuwa togwa la watoto. Hana mizani. Anaonja.

Rubisi hiyo ilinilipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Lakini siku ile ya Krismasi, aliponiletea kikombe kwa mikono miwili, nilisema: "Samahani, baba mdogo, tumbo langu halijazoea tena. Hakuna Balimi?" Hakukasirika. Alimtuma mtoto dukani, akatoa hela mfukoni mwake. Nikanywa bia ya chupa yenye jina linalomaanisha wakulima, huku mkulima mwenyewe ameketi mbele yangu na kikombe nilichokikataa.

Ndiyo maana naandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Tazameni neno "kienyeji". Libandike kwa kuku, bei inapanda. Kuku wa kienyeji ana ladha, hana madawa, amekua taratibu, na mtu wa mjini anamlipia zaidi bila kunung'unika. Libandike kwa pombe, bei inashuka. Pombe ya kienyeji ni ya walevi, ya uchochoroni, ya watu walioshindwa. Neno ni lile lile na sifa ni zile zile: haikupita kiwandani, imetengenezwa taratibu, kila mtungi una ladha yake. Kwa nini kwa kuku ni heshima na kwa rubisi ni aibu?

Jibu halimo kwenye kinywaji. Pilsner yenyewe ilizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, Bohemia, mikononi mwa fundi aliyeitwa Josef Groll. Alitumia maji laini ya pale, kimea cha shayiri chenye rangi hafifu na hopsi za jirani, za Saaz. Ilikuwa pombe ya kienyeji ya watu wa Plzeň. Mpaka leo mgeni anayeshuka kwenye mahandaki ya kiwanda kile huchotewa kutoka pipa la mti bia ambayo haijachujwa, na huichukulia kama heshima. Wao walisafiri na kinywaji chao pamoja na jina la mji wao. Sisi hopsi hatulimi, kwa sababu mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta. Lakini embire tunayo, mtama tunao, na mafundi tunao. Tulichokosa ni kujiheshimu.

Najua mtakayonijibu. Mtasema pombe za kienyeji zinaua. Hapo tusichanganye mambo. Gongo ni pombe iliyochemshwa na kukusanywa mvuke, na sheria ya mwaka 1966 inakataza kuitengeneza bila leseni. Rubisi imechachuka tu, kama bia yoyote ile. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inazitambua pombe za kienyeji na kuziwekea leseni. Anayezitia zote kwenye kapu moja anamwadhibu fundi kwa kosa la mwingine.

Mtasema usafi. Hapo mna hoja, na baba mdogo mwenyewe anaikubali. Maji ya kuongezea yakiwa machafu, pombe inakuwa chafu. Basi apimiwe maji, aelekezwe, akaguliwe. Bwana afya anayekuja kumwaga mtungi angeweza kuja na kipimo.

Mtasema ulevi. Ni kweli, nimeona nyumba zilizovunjwa na rubisi. Nimeona pia zilizovunjwa na chupa zenye lebo nzuri. Simwombi yeyote anywe zaidi. Naomba tunachokunywa kipewe haki.

Na muda si mwingi. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa hapa hapa Muleba, na watu waling'oa migomba shamba baada ya shamba. Mwenye shamba dogo akipanda upya anaanza na ndizi ya kupika, kwa sababu watoto lazima wale. Embire itarudi tu kama ina bei. Ikitoweka, ujuzi wa kuonja bila mizani utatoweka nayo, na hakuna chuo kinachoufundisha.

Likizo iliyopita nilirudi Kagondo. Nikaomba kikombe kabla sijapewa. Nikamsimulia baba mdogo habari za Masaki.

"Shilingi elfu kumi na mbili, waitu? Mtungi mzima?"

"Glasi moja."

Alinyamaza. "Na hawachuji?"

"Hawachuji. Ndiyo sifa yake."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, bila kucheka tena: "Na wewe ulilipa?"

Nililipa. Yeye anauza kikombe cha lita shilingi 1,000, na wako wanaoomba punguzo. Mimi ni mmoja wa waliomfundisha kwamba kazi yake haina thamani zaidi ya hiyo. Ukija kwetu, usianze kwa kuulizia chupa.