Twaharakisha jeneza, twachelewesha machela

Msomaji mpendwa, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipopashwa habari za kifo kijijini kwenu. Kabla jua halijatua, kamati ya mazishi ilikuwa imeundwa. Palikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Jioni mlikutana mjini, mkachanga, mkakodi gari la kusafirisha mwili na basi la waombolezaji. Ijumaa usiku mkashika njia, na Jumamosi marehemu akazikwa kwa heshima zote. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema kwamba kazi hiyo ni ya serikali.

Sasa jiulize: marehemu huyo alipokuwa angali mgonjwa, alifikishwa hospitali kwa gari gani? Nani alilipia mafuta? Nani alikaa naye njiani akijua la kufanya hali ilipozidi kuwa mbaya?

Majibu ya maswali haya hufanana kotekote. Alisukumwa kwa wilbaro hadi barabarani. Alibanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, kichwa kikilegea huku na huku. Alisubiri kukuche ili apande matatu ya kwanza. Sisi tunaoishi mijini tumekuwa mabingwa wa kuandaa safari ya maiti, lakini safari ya mgonjwa tunamwachia Mungu na jirani mwenye pikapu.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni magari tu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti zimenunua au kukodi ambulensi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini gari peke yake halimwokoi mtu. Acha nikupe kisa kimoja.

Katika kijiji ninakotoka, mama mmoja alijifungulia nyumbani usiku wa mvua. Mtoto alizaliwa salama, lakini damu ya mama ikakataa kukatika. Jamaa zake walipiga simu, na ambulensi ikatumwa bila kukawia. Ilifika sokoni kabla ya saa tisa za usiku. Kutoka hapo hadi kwa mama yule ni mwendo wa dakika kumi kwa gari. Lakini pale sokoni njia hugawanyika mara tatu, nyumba za mashambani hazina nambari, na simu iliyoita ambulensi ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Dereva alizunguka karibu saa nzima akigonga malango ya watu. Alipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kumfunika mama yule shuka.

Dereva hakuwa na kosa, wala gari halikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni kijana mmoja mwenye tochi, asimame kwenye njia panda. Mama anayevuja damu kwa wingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili tu asiposaidiwa. Saa ile moja iliyopotea sokoni pengine ndiyo iliyokuwa uhai wake.

Kwa nini basi nasisitiza watu wa kujitolea? Mwaka 1994, watafiti Serena Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya akina mama huletwa na ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza hutokea nyumbani, watu wanapokawia kuamua kwamba mgonjwa apelekwe hospitali. Wa pili hutokea njiani. Wa tatu hutokea hospitalini kwenyewe, mgonjwa anapofika lakini asihudumiwe kwa wakati. Ingawa maelezo hayo yalihusu uzazi, yanafaa pia kwa aliyeumwa na nyoka, aliyegongwa na gari au mtoto aliyeungua kwa uji. Ambulensi bila watu hupunguza sehemu tu ya ucheleweshaji wa pili. Kikundi cha wanakijiji waliofunzwa chaweza kupunguza ule wa kwanza na wa pili, na hata kusaidia katika wa tatu.

Jambo hili si geni kwetu. Huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ya Amref ilianzishwa hapa Afrika Mashariki mwaka 1957. Ndege ile isingefaa kitu kama upande wa pili hapangekuwa na mtu wa kueleza kwa redio hali ya mgonjwa, na kiwanja kilichofyekwa ili ndege itue. Gari la wagonjwa nalo lahitaji watu wa namna hiyo upande wa pili.

Kazi zao ni hizi. Kwanza, pawe na watu wawili au watatu ambao simu zao hazizimwi usiku, na ambao kila boma lina nambari zao. Wao ndio huita ambulensi na kueleza mgonjwa ana nini na yuko wapi. Pili, pawe na waelekezaji wa kusimama na tochi kwenye njia panda na vivukoni. Tatu, pawe na wabebaji wa machela, kwa maana kuna maboma ambayo gari haliwezi kuyafikia, hasa mvua inaponyesha. Nne, pawe na waliofunzwa huduma ya kwanza. Tano, pawe na msindikizaji wa kuandamana na mgonjwa, abebe kitambulisho chake na kadi ya kliniki, na aeleze wauguzi yaliyotokea. Mwisho, pawe na mweka hazina mwaminifu mwenye daftari.

Usidhani huduma ya kwanza ni ya wasomi pekee. Mwanakijiji yeyote aweza kufunzwa kubana jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi bila kulifunua kila mara kulitazama. Aweza kufunzwa kumlaza kwa ubavu mtu aliyezimia lakini angali anapumua, ili asisongwe na matapishi. Aweza kujifunza kwamba aliyeumwa na nyoka hachanjwi kwa wembe, hanyonywi sumu wala hafungwi kamba ya kukaza, bali hutulizwa, kiungo kilichoumwa kikaachwa bila kuchezeshwa, naye akawahishwa hospitali. Aweza kujua kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi baridi kwa dakika ishirini, wala hapakwi mafuta ya kupikia. Na aliyeumia shingo katika ajali hasombwi kama gunia la viazi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, pamoja na St John Ambulance, hutoa mafunzo ya namna hii.

Najua utasema, "Mimi niko Nairobi, nitabebaje machela kijijini?" Swali lako lina jibu. Kama wewe ni mhasibu, jitolee kukagua daftari la mafuta kila baada ya miezi mitatu. Kama ni fundi wa magari, kagua breki na magurudumu unapokwenda nyumbani. Kama ni muuguzi au daktari, tenga siku mbili za likizo yako ya Desemba uwafunze vijana. Kama huna ujuzi wowote kati ya huo, jifunze huduma ya kwanza huko huko mjini. Itakufaa hata kwenye ngazi za nyumba unayopanga. Na kama una mshahara, changa kila mwezi kiasi kidogo kwa ajili ya glavu, tochi, muda wa maongezi na nauli ya msindikizaji kurudi nyumbani.

Hapa lazima tuambiane ukweli. Ni rahisi sana mtu wa mjini kuwahimiza maskini wa kijijini wajitolee. Kijana wa bodaboda anayeacha kazi ili ambebe mgonjwa amepoteza chakula cha watoto wake siku hiyo. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wanawake, walizunguka nyumba kwa nyumba bila malipo. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali iliwapa zaidi ya wahudumu 100,000 mikoba ya vifaa na kuahidi posho ya kila mwezi, na hata baada ya hapo kumesikika malalamiko ya kucheleweshwa. Tusirudie kosa hilo. Anayejitolea atoe muda na moyo wake, lakini asitoe pia nauli, glavu na mlo wake. Hayo ndiyo tunayopaswa kuyabeba sisi tulio na mishahara.

Wengine watasema kwamba kujitolea ni kuisamehe serikali kazi yake. La hasha! Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti huduma za ambulensi. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaeleza wazi kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitali. Hiyo ni haki, si hisani. Lakini ni nani atakayeidai? Kikundi chenye daftari linaloonyesha ambulensi iliitwa mara ngapi, ilifika baada ya dakika ngapi, na ni mara ngapi haikufika kwa kukosa mafuta, kitasikizwa kaunti inapokusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Anayelalamika kwa mdomo mtupu hupigiwa makofi, kisha husahauliwa.

Yapo pia ya kujihadhari nayo. Mtu wa kujitolea si daktari. Asichome sindano, asitoe dawa asizoruhusiwa, wala asitangaze maradhi ya mgonjwa sokoni. Avae glavu kabla ya kugusa damu. Na gari la wagonjwa lisigeuzwe la kubebea kuni, miraa au wapiga kampeni. Kikundi kikikosa kanuni hizi, wanakijiji watakosa imani nacho, na huduma itakufa.

Msomaji, siandiki haya ili tuache kuwazika wapendwa wetu kwa heshima. Mila hiyo ni nzuri na tuidumishe. Lakini kamati ile ile iliyokusanya pesa za jeneza yaweza kukutana mwezi ujao kwa shughuli nyingine. Watu ni wale wale, nambari zao unazo, na mnajuana nani mwaminifu na nani hula pesa za umma. Mwenyekiti aliyeandaa basi la waombolezaji atashindwaje kupanga vijana watano wenye tochi?

Basi anza na jambo moja wiki hii. Pigia simu mtu unayemwamini kule nyumbani, umwulize: mama mjamzito akizidiwa usiku wa leo, ataitiwa ambulensi na nani, na nani atasimama pale njia panda kumngoja dereva? Kama hana jibu, kazi yako unayo. Mtoto wa mama yule niliyemtaja sasa anasoma shule ya msingi. Hupita kwenye njia panda ile kila asubuhi, na mpaka leo hatujapanga mtu wa kusimama pale usiku.