Meka ni ileile, unga ni kiloko

Bei ya unga inapopanda hapa Lubumbashi, mara nyingi jina la kipimo halibadiliki. Kwenye soko la Kenya au la Katuba utaomba meka moja, utapewa meka moja, na jioni bukari haitatosha watoto. Ukilalamika, "Mama, uongeze kiloko," utajibiwa, "Njo meka ileile, mwanangu." Kwa jina, kweli ni ileile.

Shuleni mtoto anafundishwa kilo na gramu. Sokoni anakuta lugha nyingine: meka ya unga, fungu la nyanya, chupa ya mawese, mfuko wa makala uliofunikwa majani juu ili uonekane umejaa. Lugha hiyo inamfaa mtu anayenunua chakula cha siku moja kwa franka alizopata siku hiyohiyo, asiyeweza kulipia mfuko wa kilo 25. Shida ni kwamba meka haina gramu zinazojulikana. Kitako kinaweza kugongwa kikaingia ndani, au unga ukamwagwa kwa wepesi na kusawazishwa kwa mkono bila kilele, na mnunuzi hana pa kushitaki.

Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, na mwezi wa pili Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Sisi tunaotegemea mahindi yanayopitia Kasumbalesa tuliumia. Bei ikipanda waziwazi, redio inaitaja na gavana anaulizwa. Kipimo kikipungua, nani anaulizwa?

Mama muuzaji asifanywe mwizi lakini. Mfuko anaonunua kwa jumla unaweza kuwa umeshapunguzwa kabla haujamfikia, na kodi ya soko inamngoja. Akipandisha bei peke yake, wateja wanahamia meza ya jirani. Ndiyo maana kupunguza kimya kunamvuta.

Wengine watasema tufute meka, kila kitu kiuzwe kwa kilo. Sikubaliani, maana neno la mtaani linaweza kuwa na uzito kamili. Anayejifunza Kiitaliano anakutana mapema na "un sacco", yaani mfuko, neno la kusema tu kwamba vitu ni vingi. Hakuna anayeuliza mfuko wa kilo ngapi. Lakini Muitaliano huyohuyo, akifika kwa muuza jibini, anaomba "due etti". Etto moja ni gramu 100, na mzani uko mbele yake.

Meka yetu ingeweza kufanywa hivyo. Kukagua vipimo ni kazi ya Office Congolais de Contrôle, OCC. Itengeneze meka mbili za chuma zenye mhuri, moja ya unga na moja ya punje, kwa sababu meka ya mahindi ni nzito kuliko ya unga. Ziwekwe pamoja na mzani kwenye mlango wa kila soko kubwa, na anayeshuku arudi kupima bila kulipa. Kinachonitia wasiwasi ni nani atakaa na mzani huo. Akikabidhiwa mtoza kodi, kesho yake kupima kutakuwa na bei, na mama muuzaji ndiye atakayetolewa franka za kwanza.