Saa ya Kukamatwa Isifichwe

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali yahitaji daftari, basi uhuru wa binadamu, wenye thamani kupita mali yote, wahitaji daftari lililo bora zaidi. Hilo ndilo jambo la msingi katika mabadiliko yanayofanyika katika mahakama za Uganda, nalo lamhusu kila avaaye sare, si mawakili na mahakimu peke yao.

Machi 2022 Idara ya Mahakama ilizindua mtambo wa kielektroniki wa kusimamia kesi, ujulikanao kwa kifupi kama ECCMIS. Kwa mtambo huo hati huwasilishwa kwa kompyuta, na wahusika hufuatilia mwendo wa kesi bila kupanga foleni kwa karani. Hukumu nyingi nazo hutolewa katika hazina ya intaneti ya ULII, ambamo mwananchi yeyote huzisoma bila malipo. Jirani zetu nao hawakulala. Rwanda ilianza mwaka 2016 kuwaunganisha wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza katika mtambo mmoja. Kenya ikaanza kupokea kesi za Nairobi kwa njia ya kielektroniki Julai 2020.

Je, askari ana faida gani katika haya? Jalada la karatasi hupita mikono mingi. Likipotea, kesi husimama, mshtakiwa hubaki mahabusu na mlalamikaji hukata tamaa, wala hajulikani aliyelipoteza. Kumbukumbu ya kielektroniki iliyotunzwa vema huonyesha ni nani aliyeingiza hati, na saa ngapi. Kwa hiyo humlinda askari mwaminifu asibebeshwe uzembe wa mwenziwe.

Hata hivyo, kompyuta haina macho. Hujua lile tu iliyoambiwa. Kifungu cha 23 cha Katiba ya 1995 chaagiza kwamba mtu aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa, asipoachiliwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 48 kupita. Saa hizo huhesabiwa tangu alipokamatwa. Tuchukue mfano: doria imemkamata mtu Ijumaa saa mbili usiku, ikamkabidhi kwa polisi Jumapili saa mbili asubuhi. Kituo kikiandika saa ya makabidhiano peke yake, mtambo utaonyesha kwamba muda wote ungalipo, hali saa 36 zimekwisha kupita na zimebaki 12 tu. Uwongo wa kalamu hubaki uwongo hata ukipigwa chapa kwa kompyuta.

Ndivyo ilivyo pia kwa picha na sauti zilizochukuliwa kwa simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 yaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa namna hiyo, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usibadilishwe. Askari anayeirusha picha ya tukio kwa marafiki kabla ya kuikabidhi kwa mpelelezi aweza kuidhoofisha kesi kwa mkono wake mwenyewe.

Uwazi nao una mipaka yake. Kifungu cha 41 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile ambazo kutolewa kwake kwaweza kudhuru usalama wa taifa au faragha ya mtu. Jina la mtoto aliyedhulumiwa au la shahidi aliye hatarini si la kutangazwa. Lakini neno usalama lisigeuzwe pazia la kufunika uzembe: tarehe ya kukamatwa kwa mtu si siri ya vita.

Ndugu askari, safari ya haki haianzii mbele ya hakimu. Huanza usiku, barabarani, pale unapomshika mtu mkono na kutazama saa yako. Iandike saa hiyo kama ilivyo.