UZEMBE WA NANI?



Kila ajali itokeapo kazini, neno la kwanza kuandikwa katika ripoti ni "uzembe wa mfanyakazi". Barua ya onyo hufuata, na mara nyingine mtu hufutwa. Sisi hatusemi mfanyakazi hakosei. Twauliza tu: kwa nini watu wengi, tena wenye ujuzi, hukosea penye mtambo ule ule?

Swali hili liliulizwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wa ndege za B-17, watu waliofunzwa vizuri, walikuwa wakishatua hukunja magurudumu, ndege ikalala kwa tumbo. Alphonse Chapanis, mtaalamu wa saikolojia, aliona kwamba kishikio cha magurudumu na kile cha vibao vya mabawa vilikaa karibu na kufanana. Kimoja akakitia kigurudumu cha mpira, cha pili umbo la kabari, ili mkono utambue wenyewe. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua makosa 460 ya marubani. Karibu nusu yalikuwa ya kushika kishikio kisicho chake. Dawa ilikuwa katika mtambo, si katika barua ya onyo.

Wako wasomi waionao kazi hii kuwa ya ufundi tu, si elimu. Twaona wamekosea. Norman Mackworth wa Cambridge alipewa shida ya askari waliokesha mbele ya rada wakapitwa na ishara. Aliweka watu watazame mshale wa saa kwa saa mbili. Baada ya nusu saa tu walianza kupitwa. Habari hizo zilitoka mwaka 1948, na elimu ya uangalifu ikakua kutokana na swali hilo la kazini.

Lakini maabara si kiwanda, na Chapanis mwenyewe alionya hivyo mwaka 1967. Mtu wa majaribio hukaa saa mbili akaenda zake. Mwenzetu wa zamu hukaa usiku kucha, na kodi ya nyumba iko kichwani. Mtaalamu na aje, ila amwulize aliyeshika mtambo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinganishe kazi na vyombo vyake na uwezo wa mfanyakazi, na kumkinga na mzigo wa akili. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wetu wa kamati hizo, kabla ya kutia sahihi neno "uzembe", waombe kuonyeshwa mtambo, waulize zamu ilianza saa ngapi, na ni wangapi waliokwisha kukosea pale pale.