Amri Moja Inatosha

Darasa la kuandika programu lilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Sasa ni saa tano, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Mwenye Windows ameandika python, akafunguliwa duka la Microsoft. Jirani yake mwenye Ubuntu ameandika neno lilelile, akajibiwa kuwa amri hiyo haipo, ilhali Python imo humo humo kwenye mashine yake, ila haiitiki mpaka uiite python3. Wa tatu amepakua faili kubwa mara mbili, na mara zote mbili bando limemkatikia njiani. Mwalimu anazunguka meza kwa meza kama fundi bomba kwenye nyumba inayovuja kila kona.

Kisingizio hakibadiliki: eti wanafunzi hawajazoea kompyuta. Tumekisikia vya kutosha. Wanafunzi hawana kosa. Waliotengeneza lugha za programu wamepika wali mzuri, kisha wakamwambia mgeni akatafute sahani mtaa wa pili.

Mbona njia ipo, tena si ya jana? Debian ilitoka na apt mwaka 1999. Wenye Mac wana Homebrew tangu 2009. Hata Windows, iliyochelewa kuliko wote, ina winget, na toleo lake la 1.0 lilitoka 2021. Zote zinafanya kazi moja. Unaandika amri, programu inakwenda kwenye ghala linalojulikana, inahakikisha mzigo haukuchezewa njiani, inaleta na vitu vingine ambavyo mzigo huo unavitegemea, na siku ya kusasisha inasasisha vyote kwa pamoja. Anayetaka chumvi haendi Uvinza inakotengenezwa. Anakwenda duka la jirani.

Bado kurasa nyingi za lugha zinatutuma Uvinza. Pakua faili hii, ifungue, ihamishie pale, kisha ongeza njia yake kwenye PATH. PATH ni nini? Hilo mwanafunzi wa siku ya kwanza atajijua mwenyewe. Rust nayo, kwenye maelekezo yake makuu, inakuambia ubandike mstari unaovuta skripti kutoka intaneti na kuiendesha papo hapo, kabla hujasoma hata herufi yake moja. Halafu wiki ya pili tunamfundisha kijana huyohuyo kwamba asiendeshe kitu asichokijua.

Wenye lugha wana utetezi wao, na tuseme ukweli, una uzito. Wanasema vilivyomo kwenye apt vimechacha. Ubuntu 20.04 ilikuja na Node.js 10.19. Huduma ya Node 10 ikakoma Aprili 2021, huku Ubuntu hiyo ikiendelea kuhudumiwa hadi 2025. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na Rust 1.63 ya Agosti mwaka uliotangulia, na Rust hutoa toleo jipya kila wiki sita. Wenye Debian nao wanajibu, kwa haki kabisa, kwamba wao waliahidi utulivu: seva inayolipa watu mishahara isiamke asubuhi ikiwa na tabia mpya. Kila upande una hoja, ugomvi umeota mvi, na anayeumia ni yule aliyekaa saa mbili darasani bila kuandika kitu.

Suluhu iko wazi na wapo walioifikia. Usiweke lugha nzima ghalani. Weka bawabu. Ubuntu 24.04 na Debian 13 zina kifurushi cha rustup, programu ndogo ambayo kazi yake ni kukuletea toleo la Rust unalolitaka. Debian ikimkalisha bawabu huyo miaka miwili bila kumgusa, haidhuru, kwa kuwa bawabu mzee bado anaijua njia ya sokoni. Ghala linabaki na utulivu wake, mwanafunzi anapata lugha ya leo. Go ilifika hapo kwa mlango mwingine: tangu toleo la 1.21 la Agosti 2023, Go iliyomo kwenye mashine ikikuta mradi unaodai toleo jipya zaidi, kwa kawaida inakwenda kulileta yenyewe.

Kwa nini wengine wanasuasua? Kwa sababu kufunga mzigo si kazi ya kujisifia mkutanoni. Anaachiwa mtu wa kujitolea, naye akichoka, kifurushi kinalala. Hata jina hakuna anayelichunguza mapema. Node.js ilikiona cha moto kwa hilo. Kwa miaka kadhaa, kwenye Debian na Ubuntu, ilibidi uandike nodejs, maana jina la node lilikuwa limeshachukuliwa na programu ya wapenzi wa redio za mawasiliano. Maelekezo kila mahali yalisema node, na mwenye Ubuntu akabaki anakuna kichwa mbele ya kioo.

Kazi yenyewe haitishi. Homebrew inataka faili moja ya Ruby. winget inataka faili chache fupi za YAML, zinazopelekwa GitHub kwa wanaozikagua. Zikishaandikwa mara ya kwanza, kubadilisha namba ya toleo ni kazi ya kuachiwa mashine. Kinachokosekana ni mtu mmoja ndani ya timu, si mpita njia, ambaye jina lake limeandikwa kwenye kazi hii. Na toleo jipya lisitangazwe kabla huyo mtu hajakaa na laptopu tatu tupu, moja ya Windows, moja ya Mac na moja ya Linux, akaandika amri moja kwenye kila moja na kuona lugha imeitika.

Kisha amri hizo ziwe za kwanza kwenye ukurasa wa maelekezo. Sifa za lugha na nembo yake vifuate huko chini.